Petroli si sabuni

*Doa la oili na grisi hutoka kwa vitu vinavyopatikana duka la mtaani. Hata hivyo, katika gereji nyingi nguo za kazi bado zinafuliwa kwa mafuta yanayolipuka, na anayezifua mara nyingi ni kijana mdogo kuliko wote.*

Jumamosi alasiri gereji za Gerezani, Dar es Salaam, huanza kupoa. Gari la mwisho linashushwa kwenye jeki, spana zinahesabiwa na kurudishwa sandukuni, wateja wanamalizana na mafundi pembeni. Ndipo spana boi, kijana anayejifunza kazi, anapokusanya ovaroli za wiki nzima na kuzitupa ndani ya beseni.

Haanzi na sabuni. Anaanza na dumu la petroli, ile iliyokingwa wakati tangi la gari fulani lilipofunguliwa. Anaimimina juu ya nguo, anazamisha mikono mitupu hadi viwikoni, anafikicha. Weusi wa oili unaachia upesi na petroli inageuka rangi ya kahawa. Hatua chache kando, mama lishe anapepea mkaa. Ng'ambo ya uchochoro, fundi wa kuchomelea anamalizia bomba la ekzosi, na cheche zinaruka hadi njiani.

Hakuna anayeshtuka, kwa kuwa ndivyo ilivyo kila wiki. Beseni kama hilo utalikuta pia Nairobi, kwenye gereji za Kirinyaga Road, barabara ambayo wakazi wengi bado wanaiita Grogan.

Doa la mafuta kwenye nguo linaonekana jambo dogo la nyumbani. Ukilifuatilia kutoka gereji hadi kwenye kamba ya kuanikia, unakutana na moto, saratani, maji machafu na haki za mfanyakazi. Unakutana pia na habari njema: karibu kila doa la mafuta linaweza kuondolewa bila tone la petroli.

KWA NINI MAFUNDI WANAING'ANG'ANIA

Wanaotetea petroli wana hoja, na zinastahili kusikilizwa kabla ya kupingwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba inafanya kazi. Oili ya injini na petroli vyote vinatokana na mafuta ghafi, na mafuta huyeyuka ndani ya mafuta. Maji hayawezi kufanya hivyo. Fundi aliyewahi kusugua grisi kwa maji matupu ameona inavyosambaa badala ya kutoka.

Hoja ya pili ni maji yenyewe. Sehemu nyingi za Dar es Salaam na miji mingine ya pwani hutegemea visima ambavyo maji yake yana chumvi na chokaa. Ukitumia sabuni ya mche kwenye maji hayo, povu halipatikani. Unapata utando mweupe unaoganda kwenye nguo na kwenye beseni. Sabuni nyingi inaisha, doa lipo palepale.

Hoja ya tatu ni mfuko. Petroli ya kukinga haionekani kama gharama, kwa sababu tayari imo gereji. Sabuni ni lazima inunuliwe. Na fundi mwenye ovaroli moja hawezi kuiloweka usiku kucha akisubiri sabuni ifanye kazi, maana kesho asubuhi anaivaa.

Hizo zote ni shida za kweli. Jibu lililochaguliwa ndilo lisilofaa.

> Maji matupu husambaza grisi, na sabuni ya mche haitoi povu kwenye maji ya kisima. Shida ni za kweli. Petroli si jibu lake.

MVUKE UNAOTAMBAA CHINI

Watu wengi hudhani kinachowaka ni petroli iliyomo kwenye beseni. Kinachowaka ni mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Katika joto la Dar es Salaam la nyuzi 30, beseni lililo wazi linatoa mvuke huo mfululizo.

Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi juu na kutawanyika. Unatambaa chini, unafuata mteremko wa sakafu, unaingia kwenye mashimo na mitaro. Ukifika kwenye jiko la mkaa au cheche ya kuchomelea ukiwa umefikia asilimia moja na nusu tu ya hewa, unaweza kuwaka, na moto ukarudi nyuma hadi kwenye beseni ambamo mikono ya mtu imezama.

Si lazima kuwe na jiko karibu. Kusugua kitambaa cha poliesta kunaweza kuzalisha umeme tuli, na cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke huo.

Hatari hiyo haiishii gereji. Ovaroli iliyofuliwa kwa petroli ikipelekwa nyumbani ingali na harufu, kisha ikaingizwa kwenye mashine ya kufulia au kupigwa pasi, mvuke uliobaki kwenye nyuzi unakutana na umeme na joto ndani ya chumba.

Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya mafundi huyaona kuwa salama, hayawaki upesi kama petroli. Huanza kutoa mvuke unaoweza kuwaka yakifikia nyuzi 38 au zaidi. Lakini yakiwa yamelowa kwenye kitambaa, kitambaa hicho kinageuka utambi, na utambi hauhitaji joto kubwa.

Watanzania hawahitaji kukumbushwa sana jinsi petroli inavyowaka. Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lililopinduka liliwaka moto huku watu wakichota petroli, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Beseni la gereji lina mafuta kidogo mno kuliko lori. Tabia ya mvuke ni ileile.

NGOZI NDIYO INAYOLIPA

Moto huonekana. Kuna madhara mengine yanayoingia kimyakimya.

Petroli huondoa mafuta asilia ya ngozi. Mikono inakauka, inapasuka, inawasha, na ngozi iliyopasuka inapitisha kemikali kwa urahisi zaidi. Ndani ya petroli mna benzini, ambayo IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, imeiweka kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Benzini inahusishwa hasa na saratani ya damu.

Hata hivyo, kuiacha nguo na uchafu wake si usalama pia. Oili iliyotumika kwenye injini hukusanya masizi, chembe za chuma na kemikali zinazotokana na kuungua kwa mafuta. Ndiyo maana huwa nyeusi, na ndiyo maana ovaroli iliyolowa oili chafu haifai kukaa juu ya ngozi siku nzima.

Historia ina ushahidi mzito wa jambo hili. Katika viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, wafanyakazi wa mashine za kusokota nyuzi walikuwa wakiinama juu ya mitambo iliyorusha mafuta. Suruali zao zililowa mafuta hayo kwenye mapaja na kinena, siku baada ya siku, miaka nenda rudi. Mwaka 1922 madaktari wa Manchester, Southam na Wilson, walichapisha taarifa iliyohusisha kazi hiyo na saratani ya mfuko wa korodani. Uingereza ilichukua hadi 1953 kuweka kanuni maalumu kuhusu mafuta ya mashine hizo na upimaji wa afya za wafanyakazi.

Leo IARC inayaweka mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha kwenye kundi lilelile la kwanza, kwa sababu ya saratani ya ngozi.

Kwa hiyo kuisafisha ovaroli ni suala la afya, si la unadhifu peke yake. Anayesema fundi avae tu nguo chafu kwa kuwa kazi yake ni chafu hajui anachomtakia.

> Wafanyakazi wa Lancashire waliugua kwa kuvaa suruali zilizolowa mafuta. Ovaroli safi ni kinga.

MADRAI KLINA WALISHAHAMA

Kusafisha nguo kwa vimiminika visivyo maji si jambo jipya. Mmoja wa waanzilishi wanaojulikana ni Thomas Jennings, fundi cherehani Mweusi wa New York, aliyepata hataza mwaka 1821 kwa mbinu yake ya kusafisha nguo. Anatambuliwa kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupewa hataza. Kumbukumbu za mbinu hiyo ziliteketea kwenye moto wa ofisi ya hataza mwaka 1836.

Baada yake, madrai klina wa Ulaya na Marekani walitumia tapentaini, benzini na petroli kwa miongo mingi. Maduka yao yaliungua mara kwa mara. Katika miaka ya 1920, drai klina mmoja wa Atlanta, William Stoddard, alishirikiana na watafiti kupata kiyeyusho kisichoshika moto kirahisi, nacho kikachukua jina lake na nafasi ya petroli.

Baadaye ikaja pakloroethilini, ambayo haiwaki kabisa. Ikatawala biashara hiyo duniani, mpaka utafiti ulipoonyesha kwamba nayo ina madhara. IARC inaihesabu kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. California iliiondoa kwenye madrai klina yake kufikia 2023, na Desemba 2024 Marekani ikatoa kanuni ya kuiondoa kwenye madrai klina ya nchi nzima ndani ya miaka 10.

Watu ambao riziki yao yote ni kusafisha nguo waliiacha petroli karibu miaka 100 iliyopita, na sasa wanaacha hata kilichoirithi. Hakuna sababu ya kijana wa gereji kuendelea kuitumia kwa mikono mitupu.

SABUNI INAVYOSHINDA MAFUTA

Kila chembe ya sabuni ina pande mbili: moja hushikamana na mafuta, nyingine na maji. Zikikutana na doa, chembe nyingi hulizunguka tone la mafuta, pande za mafuta zikiwa ndani na za maji nje. Tone lililozingirwa hivyo linang'oka kwenye uzi na kuondoka na maji ya kusuuza.

Hapo ndipo kosa la kawaida linapoonekana. Wengi huilowesha nguo kwanza, kisha wanatia sabuni. Maji yakitangulia yanajaza nyuzi na kuizimua sabuni kabla haijalifikia doa. Kwa mafuta, utaratibu ni kinyume: sabuni juu ya nguo kavu, halafu maji.

Kosa la pili ni joto la mapema. Pasi, au mashine ya kukaushia, hubadilisha mafuta yaliyobaki, hasa ya kupikia. Yanashikana na hewa, yanakuwa mazito na kugandamana na uzi. Doa ambalo lingetoka kwa dakika 20 linakuwa la kudumu.

Kosa la tatu ni Jik. Dawa hiyo hung'arisha rangi, haiondoi mafuta. Doa la oili litabaki, na kitambaa kitachakaa bure. Isichanganywe kamwe na ndimu, siki au dawa nyingine za usafi, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Aina ya kitambaa nayo ina neno. Pamba hupenda maji, hivyo huachia mafuta kwa urahisi zaidi. Poliesta huyashika mafuta, ndiyo sababu shati la tetroni huonyesha kivuli cha doa hata baada ya kufuliwa. Hilo halihitaji kemikali kali. Linahitaji kurudiwa mara mbili au tatu kabla nguo haijaona pasi.

HATUA KWA HATUA: NGUO YA KAWAIDA

1. Kwangua, usisugue. Ondoa grisi, samli au mchuzi wa juu kwa kijiko au kisu butu. Kandamiza karatasi au kitambaa kikavu kinyonye kilichobaki.

2. Nyunyiza unga. Unga wa muhogo, poda au chaki iliyosagwa hunyonya mafuta. Uache nusu saa, au usiku kucha kwa doa kubwa, kisha upanguse.

3. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya sufuria, na mafuta ya nguo hayana tofauti kubwa. Ipake ikiwa haijazimuliwa, kwenye nguo kavu. Isugue taratibu kwa mswaki laini wa zamani, hasa upande wa nyuma wa doa, na uiache dakika 15 au zaidi.

4. Fua kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili. Pamba huvumilia. Hariri na sufu hazivumilii. Kwa hizo tumia maji ya uvuguvugu na mkono mwepesi.

5. Kagua kwenye mwanga kabla ya kuanika. Ukiona kivuli, rudia kuanzia hatua ya tatu. Pasi isubiri.

HATUA KWA HATUA: OVAROLI YA GEREJI

Ovaroli ina mzigo mkubwa zaidi, kwa hiyo inataka muda. Kwangua grisi yote. Paka sabuni ya maji kwenye magoti, mikono na kifua nguo ikiwa kavu, ukiwa umevaa glavu za mpira. Iache kama saa moja.

Kisha iloweke kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga na magadi kidogo. Magadi haya ni yale yale ya kulainishia maharage, yanayochimbwa Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kwenye beseni yanafanya kazi mbili: yanadaka chokaa ya maji ya kisima ili sabuni ipate nguvu, na yanasaidia kuyavunja mafuta. Magadi yanafaa kwa pamba nene tu. Yanaharibu sufu na hariri, na yanachubua mikono isiyo na glavu.

Baada ya kusuuza unaweza kuona alama ya kijivu. Mara nyingi hayo ni masizi yaliyokuwa ndani ya oili. Mafuta yameshatoka, alama itapungua kadiri nguo inavyofuliwa, na haidhuru kazi.

Jambo moja halina mjadala: ovaroli ifuliwe peke yake. Isichanganywe na nguo za watoto wala nepi.

> Sabuni kwanza, nguo ikiwa kavu. Maji baadaye. Pasi mwisho kabisa, doa likiwa limekwisha.

MCHUZI, MAWESE NA KANZU NYEUPE

Nyumbani mafuta huja na rangi. Mchuzi wa pilau au biriani ukimwagika kwenye kanzu huleta mafuta na bizari ya manjano pamoja, na wengi hukata tamaa pale sabuni inapoligusa doa nalo likageuka jekundu ghafla. Hakuna kilichoharibika. Rangi ya manjano hubadilika hivyo inapokutana na kitu chenye asili ya magadi, kama sabuni, na hurudi baada ya kusuuzwa vizuri.

Cha kufanya ni kuyaondoa mafuta kwanza kwa hatua tulizotaja, kwa sababu rangi ya manjano imejificha ndani yake. Kisha anika nguo juani ikiwa na unyevu. Mwanga wa jua huivunja rangi hiyo, na saa chache za jua kali hufanya kazi ambayo Jik ingeifanya kwa kukichakaza kitambaa.

Mawese ya Kigoma, Burundi na Kongo hufuata kanuni hiyohiyo. Wekundu wake hutokana na karotini, ambayo nayo huishi ndani ya mafuta na hufifia juani. Yakitolewa mafuta, rangi haina pa kushika.

NANI ANUNUE SABUNI?

Mbinu zipo na vifaa vipo. Kilichobaki ni swali la nani anawajibika, na hapo pande mbili zinavutana.

Wapo wenye gereji wanaoona nguo ya fundi ni shughuli ya fundi. Biashara ni ndogo, mafundi wengi wanalipwa kwa kazi waliyofanya, na wanaojifunza hawana mkataba wowote. Upande wa pili ni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zinamtaka mwajiri kulinda afya ya watu anaowafanyisha kazi na kuwapa vifaa vya kujikinga. Ovaroli iliyolowa oili chafu haimkingi mtu. Kuitunza ikiwa safi ni sehemu ya wajibu huo.

Nyumbani mzigo huangukia watu ambao hawakuchagua gereji hata kidogo. Fundi akirudi na ovaroli yake, anayeifua ni mke, mama au dada, mara nyingi katika chumba ambamo pia watu wanapika. Harufu ya petroli anaivuta yeye, na mikono inayopasuka ni yake.

Jamii nayo inalipa. Petroli iliyokwisha kazi humwagwa mtaroni. Mitaro ya Dar es Salaam huingia Mto Msimbazi na mito mingine, na mito hiyo huingia baharini. Povu la sabuni nalo si zuri kwa mto, lakini halina benzini wala haliwezi kuwaka ndani ya mtaro unaopita chini ya maduka.

Kinachohitajika gereji si mtaji mkubwa. Ni dumu la sabuni ya vyombo, glavu za mpira, magadi, na beseni lililowekwa mbali na moto. Zaidi ya hayo, ni ovaroli ya pili kwa kila fundi, ili moja ilowekwe wakati nyingine inavaliwa. Bila ovaroli ya pili, ushauri wote ulio juu utashindwa Jumatatu asubuhi.

Vyuo vya ufundi vinavyofundisha umakanika vinaweza kuliingiza hili kwenye somo la usalama, pale wanafunzi wanapofundishwa kufunga jeki na kuvaa miwani. Wakaguzi wa usalama kazini wanapoingia gereji kuangalia kizima moto, waangalie pia beseni la kufulia na kilichomo.

Na mzazi anayempeleka mwanawe kujifunza ufundi asiishie kuuliza ada na muda wa mafunzo. Siku ile ya kwanza amuulize mwenye gereji swali moja zaidi: nguo za hapa zinafuliwa kwa kitu gani, na nani anazifua?